UFUGAJI NYUMBANI: Kuku aliyeumwa na mbwa, tusimkimbilize sufuriani

Mara iliyopita tuliahidi kuongea juu ya mboga za kwenye magunia. Mtusamehe, mboga zitangoja kidogo. Kuna kuku amelala ndani ya katoni nyuma ya darasa letu, na sasa ni wiki mbili watoto hawatuulizi tena hesabu, wanauliza tu: mwalimu, ameamka?

Huyo kuku ni wa mama mmoja wa bloku yetu, mjane, ana watoto wanne. Wengi wetu tulifika hapa Rusizi na kitenge na sufuria tu, tumevuka tukitoka Bukavu, Kamanyola au Uvira. Yeye alisuka watu nywele, akaweka pesa kidogo kidogo, akanunua tetea sokoni Kamembe. Mayai ya yule tetea ndiyo madaftari, ndiyo sabuni, ndiyo chumvi. Asubuhi moja mbwa akamkamata karibu na bomba la maji. Walipomnyang'anya, ngozi ya mgongo ilikuwa imefunguka, manyoya yametapakaa kila mahali. Wazee wakasema: chinja, angalau mle. Mwenye kuku alikuwa analia. Sisi tukasema, ngoja kwanza.

Tulisema hivyo kwa sababu tuko na deni. Mwaka jana tulitibu kuku mwingine, tukampaka mafuta ya taa na unga wa betri kuukuu, vile tulivyoona nyumbani tukiwa wadogo. Alikufa siku ya tatu. Baadaye veterineri mmoja alitueleza kwamba mafuta ya taa yanaunguza nyama hai, na unga wa betri ni sumu. Basi haya tunayoandika leo tumeyalipia.

Kitu cha kwanza si dawa, ni utulivu. Kuku aliyeshtuka anaweza kufa kwa mshtuko hata kama kidonda ni kidogo. Mfunike na kitambaa, mtie ndani ya katoni yenye matobo, mahali pa giza na joto, mbali na watoto na mbali na kuku wenzake. Hili la wenzake mlishike sana. Kuku akiona damu anadonoa, na mwingine anadonoa, mpaka wanamtoboa mwenzao mzima. Si roho mbaya, ni vile walivyoumbwa. Maji mpe, lakini usimmiminie kooni, yataingia njia ya hewa. Chovya ncha ya mdomo tu, atameza mwenyewe.

Akishatulia, ndipo unaosha. Chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, acha yapoe. Nawa mikono na sabuni. Kata kwa makasi manyoya yaliyo pembeni ya kidonda, usiyang'oe, maana kuyang'oa kunapanua jeraha. Mwagia maji yale mengi mpaka uchafu wote utoke. Meno ya mbwa yanaingia ndani kuliko unavyoona kwa juu, kwa hiyo usishone kidonda cha kuumwa ukakifunga kabisa, uchafu utabaki ndani uoze. Kama una iodini ya dukani, ichanganye na maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kama huna, asali safi inafaa, inazuia vidudu na kidonda hakikauki vibaya. Yule wa mama tumempaka asali mara mbili kwa siku. Mtoto mmoja wa darasa la pili alitaka kujua kama kuku naye anaonja. Anaonja, ndiyo sababu tunafunika na kitambaa chepesi.

Adui mkubwa ni inzi. Kwa joto la mchana, mayai ya inzi yanaweza kuwa funza kesho yake tu. Angalia kidonda asubuhi na jioni, na chini ya mkia pia. Ukikuta funza, watoe mmoja mmoja kwa kibanio, osha tena na maji ya chumvi, badilisha majani ya katoni.

Sasa, si kila kuku anapona, tusidanganyane. Ukimwona maji au chakula kinatoka kwa tundu la shingoni, gole lake limepasuka, huyo ni wa veterineri wa sekta, tena leo, si kesho. Matumbo yakiwa nje, mchinje haraka umpumzishe. Mguu uliovunjika chini, pale penye magamba, unaweza kuufunga na vijiti viwili laini na kitambaa kwa wiki mbili mpaka tatu, usikaze sana. Mguu ukivimba au ukiwa wa baridi, umekaza. Paja likivunjika, hapo kufunga hakusaidii.

Tunawaomba pia, hapana kufungua kapsuli za dawa mlizopewa kliniki na kuzinyunyiza kwa kidonda cha kuku. Dawa ile ni ya mgonjwa wa nyumbani, aimalize. Na kama veterineri amempa kuku dawa, muulize siku ngapi mayai hayaliwi wala hayauzwi.

Halafu huyo mbwa. Akimuuma mtoto, osheni kidonda na sabuni na maji mengi dakika 15, kisha kliniki siku ileile, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakina dawa.

Kumrudisha kuku kwa wenzake nako kuna akili yake. Ukimtupa katikati mchana watampiga kama mgeni, wameshapanga nani mkubwa nani mdogo bila yeye. Mweke kwanza karibu nao ndani ya tenga, waonane siku kadhaa bila kugusana. Kisha mwingize usiku wamelala, wataamka pamoja.

Tunajua nafasi ni ndogo, shitingi na shitingi zinagusana. Lakini kuku watano wakilala vizuri ni bora kuliko kumi na wawili wanaosongamana, kwani msongamano ndio unaoanzisha kudonoana. Jogoo mmoja anatosha matetea nane mpaka kumi, kwa hiyo majirani wanaweza kutumia mmoja, msigombane. Wapeni fito ya kulalia juu ya ardhi, na mlango unaofungwa kabla ya giza. Chini mwageni maganda ya mpunga, kule Bugarama wanakolima mpunga yanapatikana, na yakilowa yaondoeni. Chakula: mabaki ya bugali, majani ya lengalenga, mchwa, na vichwa vya sambaza vilivyokauka mkivisaga. Maganda ya mayai yachomeni kidogo, yasageni kabisa, muwarudishie. Msiwape yakiwa na umbo la yai, watajifunza kula mayai yao.

Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Hapo tunafika kwa ule ugonjwa ambao Wanyarwanda wanauita umuraramo, na Watanzania mdondo au kideri. Ukiingia bloku moja unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, na hauna dawa, una chanjo tu. Chanjo ya tone la jicho, kama ile ya I-2 iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, ni tone moja kwa kila kuku, na inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Wanachanjwa wazima, si wagonjwa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana, na kikishafunguliwa hakikai. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye kuku watatu anaona ghali, lakini bloku nzima ikijiunga ni pesa ndogo.

Tetea wa mama jana alitoka katonini mwenyewe, akaparua chini ya dirisha la darasa. Ngozi inaanza kuziba, manyoya bado. Mayai hatujaona, kuku aliyeumia anapumzika kutaga. Shida sasa ni nyingine: jina la mama limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa Mahama, na hakuna aliyemhakikishia kama kuku anapanda basi. Tumekubaliana hivi: kama hapandi, jirani atabaki naye, na nusu ya pesa ya mayai itatumwa kwa simu kila mwezi. Imeandikwa kwa daftari, watoto wake wakubwa wawili wametia sahihi, na sisi pia.

Wenye kuku wanaotaka kuingia kwenye chanjo ya pamoja, leteni hesabu ya kuku wenu kwa mwalimu wa bloku yenu kabla ya Jumamosi. Andikeni na vifaranga. Na mwezi ujao, kweli, ni mboga za magunia.