Ziara za China zianzie shambani

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani huwapeleka wanafunzi wa biashara nchini China kwa wiki mbili au tatu, wakiongozwa na wahadhiri wao. Mwaka 2018/19 zaidi ya Wamarekani 11,000 walisoma China. Mwaka 2021/22, kutokana na Uviko-19, walibaki 211. Novemba 2023 Rais Xi Jinping alitangaza kuwaalika vijana 50,000 kwa miaka mitano.

Mwaliko ni mzuri. Tatizo ni ratiba: maghorofa ya Shanghai, maelezo ya mameneja, Ukuta Mkuu, kisha uwanja wa ndege.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wiki mbili zinatosha kufuatilia zao moja. Wanafunzi waanzie Shouguang, mkoani Shandong, panapojulikana kwa mboga za kwenye vitalu nyumba, kisha waifuate nyanya hadi soko la jumla la Xinfadi, Beijing. Njiani waulize: nani alimkopesha mkulima? Nani anapanga bei? Nyanya zikioza, hasara ni ya nani?

Mwanafunzi akirudi na majibu hayo, ada yake haikupotea bure. Akirudi na picha tu, huyo alikwenda kutalii.