Tusingoje Taa ya Mafuta Iwake

Ndugu zangu wananchi mnaoishi Guangzhou, na ninyi mnaokuja kufuata bidhaa na kurudi nyumbani, leo nina wito mdogo. Unahusu mshale wa mafuta kwenye dashibodi. Naomba tukubaliane jambo moja: mshale ukifika robo, sisi tuhesabu kwamba tangi limekwisha, tuingie sheli.

Mtu atauliza, mbona mapema hivyo? Si hata taa ikiwaka gari huendelea kutembea?

Ni kweli, hutembea. Magari mengi hubaki na lita chache za akiba baada ya taa kuwaka. Lakini akiba hiyo ni ya kukufikisha sheli, basi. Mama wa nyumbani hangoji debe la unga likwanguliwe ndipo amtume mtoto dukani. Tangi nalo lina haki ya kutunzwa vivyo hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu tukiwa huku. Nyumbani gari likiishiwa mafuta tuna njia yetu. Unampa bodaboda hela na dumu, anakwenda, anarudi, mnacheka, safari inaendelea. Guangzhou hali ni tofauti. Petroli ya kwenye dumu huuzwa kwa masharti, pamoja na kuandikisha jina na kitambulisho, wala hutaipata kwa kupunga mkono tu. Na gari likizimika kwenye barabara kuu za kulipia, sheria ya usalama barabarani ya China hairuhusu rafiki aje kukuvuta kwa kamba. Kazi hiyo ni ya gari la uokoaji.

Je, ikikutokea unajua la kufanya? Sogea pembeni kadiri gari litakavyokubali, washa taa za hatari. Abiria wote watoke upande usiopita magari, wasimame nyuma ya ukingo wa chuma. Alama ya pembetatu iwekwe nyuma ya gari, umbali unaozidi mita 150. Kisha piga 12122, namba ya msaada ya barabara hizo. Tafadhali iweke kwenye simu yako leo, hata kama huendeshi. Abiria naye anaweza kuokoa watu.

Sasa tuutazame mshale wenyewe. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yakishuka, boya linashuka, na mshale unafuata. Kwa hiyo gari likiwa mlimani au kwenye kona, mafuta yanalala upande mmoja na mshale unaweza kukudanganya. Usome gari likiwa mahali tambarare na limetulia. Tena matangi mengi hayana umbo sawa juu na chini, ndiyo maana mara nyingi nusu ya pili huonekana kuisha haraka kuliko ya kwanza.

Na zile kilomita zinazoandikwa kwamba zimebaki? Ni makisio. Gari linapiga hesabu kwa jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka kwenye barabara nyeupe ukaingia kwenye foleni ya jioni, kiyoyozi kikivuma kwa joto la Julai, hesabu ile hupungua mbele ya macho yako.

Tupige hesabu yetu wenyewe. Tuseme tangi ni la lita 50, na gari linakula lita 8 kwa kilomita 100. Robo ya tangi ni lita 12 na nusu, yaani kilomita 150 hivi. Kutoka Guangzhou hadi Shenzhen ni kama kilomita 140. Umeona? Robo inakufikisha Shenzhen kwa shida, na foleni ikikukamata huenda usifike.

Foleni zenyewe tunazijua. Wiki ya sikukuu ya taifa, kuanzia tarehe 1 Oktoba, magari madogo hupita bure kwenye barabara za kulipia, na nchi nzima iko njiani. Kwenye Daraja la Humen siku hizo magari husogea kwa hatua. Daraja halina sheli. Kwa kawaida vituo vya mapumziko vyenye mafuta huachana kwa kama kilomita 50, na ukikipita kimoja huwezi kurudi nyuma. Anayejaza kabla ya kutoka mjini husubiri kwenye foleni akiwa na amani.

Kuna pia suala la afya ya gari. Pampu ya mafuta kwenye magari mengi ya petroli imekaa ndani ya tangi, na mafuta ndiyo yanayoipoza. Ukizoea kutembelea masalia, pampu inapata joto na kuchoka mapema. Fundi atakayeibadilisha atakutoza fedha ambazo zingejaza tangi mara kadhaa.

Je, kila mmoja wetu afanye nini?

Wewe mwenye gari, tazama mshale jioni unapoegesha, usisubiri asubuhi ukiwa umechelewa. Hapo kwenye geji, karibu na picha ya pampu, mara nyingi kuna kialama cha pembetatu. Kinakuonyesha mdomo wa tangi uko upande gani, ili usizunguke sheli mara mbili. Fungua pia kifuniko usome gari linataka petroli gani, 92 au 95, maana mhudumu atakuuliza. Ukitaka lijae, mwambie "jiaman", atakuelewa.

Wewe unayeazima gari la mwenzako kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Baiyun, lirudishe na mafuta mengi kuliko ulivyolikuta. Huenda usiku ule mwenye gari akaamshwa kumpeleka mtoto hospitali.

Wewe mfanyabiashara unayekodi gari kutoka mtaa wa Xiaobei kwenda kutazama samani kule Foshan au taa kule Guzhen, muulize dereva kabla hamjaondoka: mafuta yanatosha kwenda na kurudi? Ni swali la heshima, halimuudhi mtu. Kontena likisubiri mzigo uliokwama njiani, gharama zote ni zako.

Na ninyi wenye magari ya umeme, ambayo Guangzhou yamejaa? Wito ni uleule. Badala ya mshale mnatazama asilimia. Ikikaribia 20, tafuteni chaja, hasa siku za sikukuu ambapo foleni za kuchaji huwa ndefu.

Najua wapo wanaosubiri bei ishuke. Hapa China serikali hupitia bei ya mafuta kila baada ya siku 10 za kazi, kama vile mamlaka za udhibiti, EWURA kule Tanzania na EPRA kule Kenya, zinavyotangaza bei zao kila mwezi. Kubana matumizi ni jambo jema. Lakini wa kusubiri bei ni yule mwenye nusu tangi. Mwenye taa iliyowaka hana nafasi ya kuchagua siku.

Ndugu zangu, huku ugenini sisi ni nyumba moja. Gari la mmoja likikwama, simu zinapigwa kwetu sote, na tunatoka usiku kusaidiana bila kunung'unika. Basi tupunguziane safari hizo. Kesho, kabla ya kuwasha injini kwenda kazini, mwambie na mwenzako unayeshirikiana naye gari: kwetu robo ndiyo mwisho. Atakayelikuta hapo, awe mume, mke au rafiki, ndiye anayepita sheli.