Kidonda kisichouma

JICHO LA KALANGALALA
Na Kulwa Masanja

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye duka la dawa hapa Kalangalala, nangoja chenji. Mbele yangu kijana mmoja, vumbi la karasha la kusagia mawe limemjaa hadi kwenye kope. Akaegemea kaunta, akashusha sauti: "Dada, nipe ile ya UTI." Dada hakuuliza kitu. Akakata vidonge vinne, akavikunja kwenye kipande cha gazeti, akataja bei. Kijana akalipa, akatokomea. Dakika moja haikuisha. Nikawaza, huenda hata gazeti lenyewe ni hili, na kipande chenyewe ni safu yangu.

Siku hizi Geita nzima ina UTI. Ukitaka kujua, kaa nusu saa tu kwenye benchi la duka lolote la dawa. Ni jina zuri kwa sababu halimshtaki mtu. UTI unaipata chooni, kwa maji machafu, kwa kukaa juani. Hakuna anayekuuliza ulilala wapi. Kisonono kimefichwa humo, pangusa nayo imo, na kaswende imejibanza nyuma yao wote. Leo nataka tuongee juu ya hii ya mwisho, maana wale wengine angalau wanauma. Mwanamume akikojoa moto atatafuta dawa, iwe sahihi au isiwe. Kaswende haina haraka hiyo.

Inaanza na kidonda kimoja, kingo zake ngumu kama kifungo cha shati, na hakiumi. Kwa kawaida kinatokea kama wiki tatu baada ya kukutana na mwenye ugonjwa. Kwa mwanamume kinaonekana. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kabisa, asikijue wala asikihisi. Halafu, baada ya wiki tatu hadi sita, kinapona. Chenyewe. Bila dawa ya mtu yeyote.

Hapo ndipo tunapopigwa chenga. Binamu yangu mmoja, jina nalihifadhi, alikuwa kwenye maduara ya Rwamgasa miaka hiyo dhahabu ilipokuwa inatoka vizuri. Akapata kidonda. Akaenda kwa mganga, akapewa mizizi ya kuchemsha na unga wa kunyunyizia. Wiki ya nne kidonda kikakauka, ngozi ikarudi laini, naye akampelekea mganga mbuzi wa shukrani. Sisemi mganga alimdanganya. Naamini naye alifurahi kwa moyo safi. Lakini angempa maji ya kisima kingepona vilevile, siku ileile. Kaswende ni ugonjwa unaowapa sifa watu wasiostahili: mganga, muuza vidonge, rafiki aliyekupa dawa alizobakiza. Kilichoondoka ni kidonda. Mdudu amehamia kwenye damu.

Baada ya wiki au miezi unaweza kuja upele usiowasha, mara nyingi hata kwenye viganja na nyayo. Sasa niambieni, viganja vya mtu anayeshika sururu mchana na zebaki jioni, nani atashtuka vikipata madoa? Nao unapita. Baada ya hapo ni kimya, na kimya hicho kinaweza kudumu miaka kumi, ishirini, hata zaidi, kabla baadhi ya wagonjwa hawajaharibika moyo, mishipa ya damu au ubongo.

Binamu alioa. Mimba ya kwanza ikatoka ikiwa na miezi saba, mtoto amekufa. Ya pili hivyohivyo. Yakaanza maneno nyumbani, na maneno hayo msomaji wa Usukumani hahitaji kusimuliwa. Yalielekezwa kwa bibi mmoja, mjane, jirani yao. Huku kwetu tunajua lawama ya namna hiyo imewafikisha wapi vikongwe wangapi. Ashukuriwe muuguzi aliyempima mke wa binamu kwenye mimba ya tatu, akamchoma sindano, akamwita na mume. Yule mtoto sasa yuko sekondari. Bibi alikufa kwa uzee, kitandani kwake.

Msidhani hiki ni kisa cha ukoo wetu tu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kwa wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa kaswende. Kati ya waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Watafiti wakakadiria kwamba katika kundi hilo lisilopimwa, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni vilitokana na kaswende. Nusu! Na waliopimwa mapema wakachomwa dozi moja ya penisilini hawakupata hasara zaidi ya wanawake wasio na ugonjwa. Ukiisoma habari hiyo ukakumbuka misiba ya watoto wachanga uliyohudhuria, unaishiwa maneno.

Dawa ndiyo hiyohiyo ya zamani. Penisilini ilianza kutibu kaswende mwaka 1943, na hadi leo mdudu huyu hajajifunza kuishinda. Kisonono kimeshazizoea dawa moja baada ya nyingine, tena kwa msaada wetu sisi wa vidonge vinne kwenye gazeti. Kaswende imebaki mjinga mbele ya sindano ya benzathini: uniti milioni 2.4, dozi moja kama ugonjwa ni mpya, na dozi tatu, moja kila wiki, kama ni wa siku nyingi au haujulikani ulianza lini. Inauma, sikufichi. Unatoka umeshika kiuno. Kwa mjamzito ndiyo dawa ya kutegemea ili kumfikia na mtoto, na inatakiwa ichomwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kwa hiyo mama anayeanza kliniki mwezi wa nane huenda amechelewa, hata kama si kosa lake.

Kanda hii iliwahi kuifundisha dunia jambo. Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza, kabla hatujapewa mkoa wetu mwaka 2012, ulifanyika utafiti vijijini mkoani humo miaka ya mwanzo ya tisini. Walichofanya ni kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida: wahudumu wakafundishwa, dawa zikawepo. Ndani ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU katika maeneo hayo yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko kwingine. Matokeo yalitoka mwaka 1995, yakasomwa kila mahali. Baadaye kule Rakai, Uganda, walijaribu kuwapa watu wote dawa kila baada ya miezi kumi, wawe wanaumwa au la, na VVU haikupungua. Wataalamu wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Mimi ninachochukua ni kidogo: mlango ulio karibu, wenye dawa na mtu asiyekusimanga, una maana. Ila mlango unamsubiri anayelalamika. Kaswende hailalamikiwi. Lazima ipimwe.

Na katika kupima ndipo ninapotofautiana na tulivyozoea. Sisi tumemtwika mama mjamzito kazi yote. Yeye ndiye anapimwa, yeye ndiye anarudi nyumbani na karatasi ya kumwita mume, yeye ndiye anapigwa kwa "kuleta ugonjwa". Anaambiwa aje na mwenzake. Mwenzake yuko Nyarugusu, au amefuata rashi ya dhahabu hadi Chunya, simu haipatikani. Kuna wanawake nchini mwetu wamewahi kumlipa bodaboda akaigize mume kliniki. Tunacheka, lakini hebu fikiria: bodaboda anachomwa sindano, mwenye mdudu yuko shimoni.

Kipimo ni tone la damu la kidole. Hakihitaji jengo. Kipelekwe kwenye maduara na kwenye mialo jioni, siku ya malipo, kabla baa hazijafunguliwa. Mwenye leseni awape vijana nusu saa. Anawapa muda mrefu zaidi kusubiri pampu itoe maji. Na halmashauri zenu zinazopokea fedha za migodi kwa ajili ya huduma za jamii zijue kwamba hii ni huduma ya jamii, na ni nafuu kuliko jengo lolote.

Jambo moja litavunja ndoa kama halikusemwa. Kipimo kile cha haraka kinasoma kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki hata baada ya kupona, mara nyingi maisha yote. Mwanamke aliyetibiwa mwaka juzi anaweza kupimwa leo na mstari ukatokea tena. Si lazima iwe ametoka nje. Mwulize mhudumu kipimo kingine cha kuonyesha kama ugonjwa uko hai, na utunze kadi ya matibabu ya kwanza kama unavyotunza hati ya kiwanja.

Kondomu husaidia, sana tu, ingawa kidonda kikiwa pembeni pasipofunikwa kinaweza kuambukiza. Tohara nayo vijana wetu wamejitokeza kwa wingi, nawapongeza. Inapunguza hatari ya VVU kwa mwanamume. Lakini majaribio ya tohara yaliyofanyika hukohuko Rakai hayakuona ikizuia kaswende. Usiitumie kama kinga dhidi ya kila kitu.

Na wewe kijana wa vumbi la karasha, kama ulikifungua kile kipande cha gazeti ukasoma kabla ya kukitupa: vidonge vile havijui unaumwa nini, na dada wa dukani pia hajui. Nenda kituo cha afya asubuhi, mchukue na mwenzako. Majibu yanatoka ndani ya dakika ishirini.