Sarafu ya simba iliyokuja na chenji ya nyanya

Jumamosi ya juzi jioni nilimtuma kijana wangu wa darasa la nne gengeni akachukue nyanya na vitunguu. Alirudi na chenji, na ndani yake mia tano moja haikuwa mia tano. Ilikuwa nyeupe na ukubwa unakaribiana, lakini hakukuwa na Mzee Karume wala nyati. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme wa Kizungu, upande wa pili simba mbele ya milima, na maandishi ya Kiingereza: Afrika Mashariki, shilingi moja, 1952.

Kabla sijamaliza kukatakata vitunguu, shemeji alikuwa ameshaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Jibu lilirudi upesi: sarafu hiyo ina thamani ya milioni 30, mnunuzi yupo tayari, ila tutume kwanza shilingi 60,000 za usajili. Baba watoto aliniangalia, nami nikamwangalia. Ada ya muhula ilikuwa bado, na wote wawili tulijua elfu sitini iko wapi.

Wazazi wenzangu, nakiri kwamba kwa dakika kumi hivi niliamini. Mwenye shida husikia anachotaka kusikia. Kilichotuokoa ni swali la mtoto: "Mama, kama ina milioni thelathini, mbona wao wanataka elfu sitini zetu?" Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Huyo wa usajili hatukumtumia kitu, na tulipomwambia akate hiyo elfu sitini kwenye milioni zake, alinyamaza.

Lakini bado tulitaka kujua tumeshika nini. Tuliifanya iwe kazi ya familia, na nawaandikia hatua zake kwa sababu najua na kwenu kuna kopo la vyuma vya zamani.

Hatua ya kwanza ni kusoma sarafu yenyewe. Kabla ya shilingi yetu kuanza mwaka 1966, tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921. Hiyo ya simba ndiyo yenyewe. Yetu imeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX, Kilatini cha "Mfalme George wa Sita". Zilizotangulia zilimtaja pia kuwa Kaisari wa India, na cheo hicho kikaondolewa baada ya India kupata uhuru mwaka 1947. Kwa hiyo jina, cheo na mwaka lazima vikubaliane. Sarafu yenye mwaka 1952 inayomwita mfalme Kaisari wa India ina walakini.

Hatua ya pili ni sumaku. Tulitoa moja kwenye spika mbovu. Mia tano yetu ya sasa ni chuma kilichopakwa nikeli, ikanasa mara moja. Ile ya simba haikunasa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu za mwaka 1948 hadi 1952 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Za 1946 kurudi nyuma zilikuwa na robo ya madini ya fedha, nazo hazinasi. Ikinasa, hiyo si shilingi ya mfalme. Isiponasa, bado hujathibitisha, kwa sababu madini mengi hayanasi.

Hatua ya tatu ni mizani. Mizani ya jikoni haifai, nenda kwa sonara. Shilingi ya simba ina takriban gramu 7.8, na iliyochakaa hupungua kidogo tu. Ukiwa hapo kagua ukingo: uwe na meno yaliyolingana, bila mstari wa kiungio. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, na huacha herufi zilizovimba na vishimo vidogo kama vya chapati.

Hatua ya nne ni bei. Uzee peke yake hauleti thamani. Kinacholeta ni uchache wa zilizobaki, hali yake, na kama kuna anayeitafuta. Wakusanyaji huangalia hata herufi ndogo za kiwanda, kama H au KN, maana mwaka mmoja unaweza kuwa na aina ya kawaida na aina adimu. Kwenye intaneti kuna orodha ya bure iitwayo Numista, unalinganisha picha na maelezo. Ukienda kwenye tovuti za mauzo, tazama bei zilizouzwa, siyo zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba milioni kwa kifungo cha shati.

Yetu ni ya kawaida kabisa. Bei yake haifiki mbali, na mtoto alikuwa ameshaipunguza zaidi kwa kuisugua na majivu na ndimu ili ing'ae. Hilo mlikumbuke: sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi wake ni sehemu ya umri wake, na mikwaruzo haitoki tena.

Je, adimu zipo? Zipo. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitengeneza pale Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo. Hazikuzidi sana 16,000, na uzito wake ni gramu 7.16 hivi. Kwa sababu zinatafutwa, bandia zake ni nyingi. Akikuletea mtu "ya Mjerumani" gizani, akitaka jibu usiku huohuo, mwambie asubuhi mtakwenda wote kwa sonara. Mara nyingi asubuhi hiyo haifiki.

Likabaki jambo moja. Kijana aliuliza: "Sasa hii ni yetu, au ya bibi wa gengeni?" Nilitaka kusema chenji ni chenji. Kisha nikajiuliza ningesemaje kama ingekuwa ya milioni 30 kweli, na jibu nililotaka kumfundisha lilikuwa lilelile.

Tukarudi naye gengeni. "Shikamoo bibi, ulikosea chenji." Aliipokea, akaigeuza, akakaa kimya. Ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyekuwa akiiweka kwenye kopo la akiba, na mjukuu alikuwa amelimwagia kopo lote kwenye droo ya biashara. "Nimeitafuta wiki nzima, mjukuu wangu," akasema, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akatupa mia tano yetu, na nyanya mbili juu yake.

Njiani kijana aliniuliza kama nina sarafu ya bibi yake, yaani mama yangu. Sina. Ila usiku huo nilianza kumsimulia habari zake.

Tukutane wiki ijayo.