Nani kasema mwisho ni miaka 30?

Jamani, naomba niseme hili hata kama nitatukanwa. Hizi orodha za "mambo ya kutimiza kabla hujafikisha miaka 30" zimenichosha. Kila Januari zinarudi, na kila mhamasishaji ana yake: shahada ya pili, gari, kiwanja, nyumba, ndoa, safari ya Dubai. Ukiuliza nani kaweka huo mwisho, unaambiwa huna malengo.

Malengo ninayo. Ninachokataa ni kubebeshwa ya mtu mwingine, na tarehe yake, halafu niitwe mzembe.

Chukua hili la nyumba, maana ndilo linalotesa wengi. Kule Uingereza kijana wa miaka 30 akisema ana nyumba, mara nyingi maana yake benki imemkopesha na atalipa kwa miaka 25 au zaidi. Hapa Tanzania wanaopata mikopo ya namna hiyo ni wachache mno. Sisi tunajenga kwa mshahara. Mwaka huu kiwanja, mwakani tripu za mchanga na matofali, kisha msingi unapigwa na mvua misimu miwili mpaka unaota majani. Ukipata tena unapandisha kuta, bati linasubiri. Wazee wetu wengi walihamia nyumba isiyo na madirisha wala umeme wakiwa wanakaribia kustaafu, na hawakujiona wameshindwa maisha. Leo mtoto wao ana mkataba wa mwaka mmoja, mkopo wa chuo unakatwa kwenye mshahara, anaambiwa amalize kazi hiyo hiyo kwa miaka mitano. Hesabu gani hiyo?

Matokeo tunayaona. Watu wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu, tena siyo kwa njaa, bali kulipia ukumbi wa harusi au gari ambalo mafuta yake hawayawezi. Kuna jamaa niliyesoma naye, kichwa kweli kweli, alipofikisha 30 akaacha kupokea simu zetu. Hajamdhulumu mtu. Anaona aibu tu kwamba hana cha kuonyesha.

Mtaniambia bila tarehe watu watalala. Mimi ni mwandishi wa habari, tarehe ya mwisho naijua kuliko ninyi. Lakini ile ina sababu: mtambo unasubiri kuchapa gazeti. Ukifika miaka 30, mtambo gani unakusubiri?

Hebu tumkumbuke mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mwaka 2003 serikali yao ilifuta ada ya shule za msingi. Mwaka uliofuata Maruge, aliyepigana enzi za Mau Mau, akaenda kujiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Akavaa sare na kaptula, akakaa dawati moja na watoto, huku wajukuu zake wakiwa madarasa ya mbele yake. Wahamasishaji wanampenda kwa ule umri. Mimi nilichompendea ni sababu yake: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana alikuwa na wasiwasi na yale ambayo mhubiri alikuwa akiwaambia. Mwaka 2005 alifika New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamtoa kwake, akaishi kwenye hema na bado akawa anakwenda shule. Alifariki Agosti 2009, hajamaliza shule ya msingi.

Kwa vipimo vya semina zetu huyo alifeli. Mnaona upuuzi wenyewe?

Basi fanyeni hivi. Chukua orodha yako, ufute kila ambalo usingelitaka kama hakuna mtu angeiona picha yake. Mimi nilifuta gari, nikafuta Dubai. Shahada ya pili nimeiwekea alama ya kuuliza. Yamebaki matatu: kuandika masimulizi ya bibi kwa kilugha chake angali hai, kuandika kitabu kimoja, na kujua kuogelea. Ndiyo, kuogelea. Nimekulia Dar es Salaam, bahari iko pale pale, na mpaka leo naingia mwisho magotini. Chekeni.