Kinyonga Si Mmoja: Deni la Kiswahili kwa Viumbe wa Milimani

Katika fasihi ya Kiswahili, simulizi na andishi, kinyonga amebebeshwa mzigo wa ukigeugeu. Mwanasiasa anayehamahama vyama huitwa kinyonga. Mpenzi asiyeaminika naye huitwa kinyonga. Sitiari hii imezoeleka mno hata imewasahaulisha wengi kiumbe mwenyewe. Ukweli ni kwamba viumbe walioshikamana na kwao kama vinyonga wa misitu ya milimani ni wachache.

Chukua mfano wa Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa nchini Tanzania. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unapoipiga milima hii hupanda, hupoa, kisha hugeuka ukungu na mvua. Unyevu huo ndio uliohifadhi misitu ya vileleni hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya bara ilikauka na nyika ikatanda mabondeni. Vinyonga wa misitu hiyo hawakuweza kuvuka nyika yenye joto. Kila mlima ukawa kisiwa. Kizazi baada ya kizazi, mabadiliko madogo ya urithi yalilimbikizana kila upande bila kuchanganyika, hadi jamaa wa asili moja wakawa spishi mbalimbali. Utafiti wa Krystal Tolley na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulibainisha kuwa sehemu kubwa ya utengano huo ni ya mamilioni ya miaka, kabla ya zama za barafu za karibuni.

Matokeo yake ni ya ajabu. Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera tu, lakini kila upande una vinyonga wake wenye pembe mbili puani. Kwa muda mrefu vinyonga wa pembe mbili wa milima kadhaa walihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka 2008 wataalamu waliwatenganisha, na yule wa Taita akatambuliwa kuwa spishi kamili, Kinyongia boehmei. Mwaka 2009, Mlima Nyiro huko Samburu nao ukapata wake, Kinyongia asheorum.

Msomaji wa Kiswahili bila shaka ameshatambua mzizi wa jina hilo. Jenasi ya Kinyongia ilianzishwa mwaka 2006 na Tilbury, Tolley na Branch, nayo imetokana na neno la Kiswahili kinyonga. Hii ni fahari. Hata hivyo, ni fahari yenye aibu ndani yake: lugha iliyoipa sayansi jina la ukoo mzima haina majina yaliyozoeleka ya wanaukoo. Kamusi humpa msomaji kinyonga, pengine na lumbwi kama kisawe, basi.

Wapo watakaodai kuwa Kilatini kinatosha, na kwamba mwananchi wa kawaida hahitaji kutofautisha kinyonga huyu na yule. Dai hili halina mashiko. Misitu ya asili ya Taita imebaki vipande vidogo, kama vile Ngangao, Mbololo na Chawia, katikati ya mashamba na mikaratusi. Mkulima akiambiwa kinyonga anatoweka, atauliza, na kwa haki, mbona anamwona kila siku kichakani. Anayemwona huenda ni yule wa nyikani aliyeenea sehemu nyingi za Afrika. Yule wa msituni akiangamia leo, Kiswahili kitaendelea kusema kinyonga yupo, na hakitakuwa kimesema uongo. Hapo ndipo penye hatari: neno moja linaweza kuficha msiba mzima. Asiyekujua hakuthamini, na asiye na jina ni vigumu kujulikana.

Kazi hii ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kama ilivyo ya wanabiolojia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, miaka 16 kabla ya jenasi hii kupewa jina; elimu imesonga, istilahi sharti zisonge. Njia ya kwanza ni nyepesi: kinyonga wa Taita, kinyonga wa Nyiro, kinyonga pembembili wa Usambara. Njia ya pili ni bora zaidi: kwenda kwa wazee wanaozungumza Kidawida, Kisambaa na Kiluguru, kuuliza ni tofauti zipi lugha zao zimekwisha kuzitambua, kisha kukopa kwa heshima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Kiswahili hakina sababu ya kuzipita bila kubisha hodi.

Sitiari ya ukigeugeu na ibaki, kwani fasihi ina haki zake. Lakini mhakiki anayemwita mhusika kinyonga aulizwe: kinyonga yupi, na wa mlima gani?