Bunduki ya Moshi

Twaambiwa mara nyingi, sisi watumishi wa huku Janga, ya kuwa mchagua jembe si mkulima. Twajibu kwa habari ya mwaka 1914. Vita vilipoanza, askari wengi Waafrika katika jeshi la Wadachi walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Mtu aliweza kulenga shabaha ya mbali kwa mkono imara, lakini kila risasi ilitoa wingu la moshi, na adui akajua alipo. Kosa halikuwa la mlengaji. Basi twawasihi wakubwa wetu: kabla ya kumlaumu mtumishi, kitazameni kwanza chombo mlichompa. Nasi tuliopewa vyombo vya kale tusinyamaze. Heshima haikatazi kuomba.